Guta na bajaji milimani: kwa nini magurudumu matatu hayaendeshwi kama pikipiki

Kijana aliyezoea bodaboda akikabidhiwa guta, hujiona amepunguziwa kazi. Chombo hakianguki kikisimama, hakidai mguu chini, kina gia ya kurudi nyuma, na magunia matano ya viazi yanakaa kwenye bodi bila kuyumba. Halafu anaingia kona ya kwanza, na guta linakwenda kule asikotaka. Shida hapo haitokani na uzembe. Chombo cha magurudumu matatu kina kanuni zake, ambazo si za pikipiki wala za gari, na miji ya nyanda za juu kusini huzifichua mapema. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa zaidi ya 1,500, Njombe inazidi zote mbili, na ni mitaa michache ya miji hiyo isiyo na mpando.

Tunazungumzia vyombo viwili. Kuna bajaji ya abiria, ambayo injini yake iko nyuma na gia zake hubadilishwa kwa kuzungusha mkono wa kushoto wa usukani. Na kuna guta la mizigo, wengine huliita toyo, lenye injini katikati ya miguu ya dereva, gia za mguu, propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu nyuma, na difu inayoigawa nguvu hiyo kwa matairi mawili ya nyuma. Vyote vina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na hapo ndipo mambo yote yanapoanzia.

Mazoea ya bodaboda ndiyo adui

Pikipiki hukata kona kwa kulala. Ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa na zaidi, dereva anayetaka kwenda kushoto husukuma mkono wa kushoto wa usukani mbele kidogo. Gurudumu la mbele linageuka kulia kwa kitambo kifupi, pikipiki inalalia kushoto, ndipo inaingia kona. Wengi wanaofanya hivyo kutwa nzima hawajui kama wanafanya. Mwili umejifunza wenyewe.

Guta halilali, kwa sababu magurudumu mawili ya nyuma yamelishika wima. Usukani wake unatii moja kwa moja: ukisukuma mkono wa kushoto, linakwenda kulia. Kwa mwendo wa taratibu dereva mgeni hulikumbuka hilo. Hatari iko pale mtoto anapokatiza ghafla, maana hapo akili haina muda wa kufikiri, mwili unarudia mazoea, na guta linaelekea hasa kwenye kile ambacho dereva alitaka kukikwepa.

Dawa yake ni uwanja mtupu. Zunguka duara pana kushoto, kisha kulia, kwa kilomita 10 kwa saa, halafu chora namba nane. Viwiko visikakamae. Vuta mkono wa ndani ya kona uje kwako badala ya kufikiria kusukuma, na elekeza kifua ndani ya kona. Guta likiwa tupu, kuhamisha mwili hivyo kunasaidia kweli, kwa kuwa uzito wa dereva ni sehemu kubwa ya uzito wote. Likiwa na nusu tani nyuma, kunasaidia kidogo sana. Usipandishe mwendo hadi kilomita 20 kabla mikono haijaacha kubishana na kichwa.

Zoea la pili ni mguu. Dereva wa bodaboda anaposimama, hushusha mguu bila kujijua. Kwenye guta tairi la nyuma liko pembeni zaidi kuliko alipokaa dereva, kwa hiyo mguu ulioshushwa kabla chombo hakijasimama kabisa unaweza kupandwa na tairi la guta lenyewe. Miguu ikae kwenye vikanyagio mpaka breki ya mkono iwe juu.

La tatu ni upana. Macho hufuata gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele hupita popote. Nyuma kuna bodi yenye upana wa zaidi ya mita moja, na kwenye kona tairi la nyuma la ndani hukata njia fupi kuliko la mbele. Vijidaraja vya kuingilia majumbani, vile vya zege au vya magogo juu ya mtaro, ndivyo vinavyowaumbua wageni: gurudumu la mbele limepita salama katikati, na tairi la nyuma limezama mtaroni.

Pembetatu iliyo chini yako

Chukua chaki, weka alama pale kila tairi linapogusa ardhi, kisha unganisha alama hizo kwa mistari. Utapata pembetatu yenye ncha kwenye gurudumu la mbele. Uzito wote wa chombo, dereva na mzigo una kitovu chake, na kitovu hicho kikibaki juu ya pembetatu, chombo kimesimama. Kikivuka mstari, kinapinduka. Ni kama kigoda cha miguu mitatu: hakiyumbi hata kwenye sakafu mbovu, lakini kikalie ukingoni, katikati ya miguu miwili, uone.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme tairi la nyuma kushoto na la kulia yameachana mita 1, na kutoka tairi la mbele hadi ekseli ya nyuma ni mita 2. Guta likiwa tupu na dereva juu yake, kitovu cha uzito kiko kama katikati, mita 1 kutoka mbele. Hapo pembetatu ni nyembamba: kutoka mstari wa kati hadi ukingoni ni sentimita 25 tu. Kitovu chenyewe kikiwa juu sentimita 60, kwenye kona ya makutano yenye nusu kipenyo cha mita 12 guta litaanza kuinua tairi la ndani karibu na kilomita 25 kwa saa. Sasa pakia magunia yaliyolala chini vizuri. Kitovu kinarudi nyuma hadi mita 1.6, ambako pembetatu imepanuka na ukingo uko sentimita 40, lakini kimepanda hadi sentimita 80. Kikomo ni kilomita 27 hivi. Panga mzigo huohuo juu zaidi, kitovu kifike sentimita 110, na kikomo kinashuka hadi kilomita 23.

Hizo ni namba za karatasini, kwenye lami tambarare bila breki. Barabarani ondoa nyingine kadhaa. Ila zinaeleza jambo linalowashangaza wengi: guta tupu si salama kuliko lenye mzigo. Dereva akishashusha mzigo anahisi wepesi, anaongeza mwendo, na anapinduka akiwa hana kitu ndani. Tena nguvu inayokisukuma chombo nje ya kona haiongezeki sawa na mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, yenyewe inaongezeka mara nne. Pengo kati ya kilomita 20 na 28 ni kubwa kuliko linavyosikika.

Breki ndani ya kona huharibu zaidi. Ukikanyaga breki, uzito unakimbilia mbele, kule pembetatu inakobanwa. Katika mfano wa guta tupu, breki ya wastani tu inaipunguza ile nafasi ya sentimita 25 ikawa kama 20, na hapo bado kona yenyewe inasukuma. Kwa hiyo punguza mwendo gurudumu la mbele likiwa limenyooka, ingia kona ukiwa tayari kwenye gia utakayotokea nayo, vuta mafuta kidogo tu ya kulisukuma guta, na ongeza mafuta usukani ukishaanza kunyooka. Ukiona umeingia kasi kupita kiasi na kuna nafasi upande wa nje, fungua kona, maana yake legeza usukani uende upana zaidi huku ukiachia mafuta taratibu. Kubana usukani na breki kwa pamoja ndiyo njia ya uhakika ya kulala ubavu.

Kwenye bajaji, pembetatu hii inaeleza kwa nini abiria wa pembeni ya dereva ni hatari kuliko wanavyodhani. Watatu wa kiti cha nyuma wamekaa karibu na ekseli, kwenye upana. Wawili wanaobanwa mbele, mmoja kila upande wa dereva, wanakivuta kitovu cha uzito kuelekea kwenye ncha, na magoti yao yanazuia usukani kugeuka mpaka mwisho. Bajaji ya abiria watano iliyopinduka kwa mwendo mdogo haikuwa na bahati mbaya. Hesabu ilikuwa imeshaikataa.

Kumbuka pia tunaendesha kushoto na barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yatoke, kwa hiyo upande wako umelalia kushoto, kwenye mtaro. Kwenye kona ya kulia uzito unatupwa kushoto na barabara yenyewe imeinama kuelekea huko. Kona za kulia zipewe mwendo mdogo kuliko za kushoto, hata zikionekana pana.

Viazi, ndizi na mbao

Gunia la viazi la kilo 100 lilazwe, lisisimamishwe. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ni tatizo la mkulima kwenye mizani, na kwa dereva ni tatizo la urefu: kilemba kile kinapandisha kitovu cha uzito na kinacheza njia nzima. Yakiwa matano, matatu yatangulie mbele ya bodi yakigusa ukuta, mawili yafuate nyuma yake, yote kwenye sakafu. Safu ya pili iwe ya vitu vyepesi. Mikungu ya ndizi ya Tukuyu ni myepesi kwa ujazo wake, lakini hupangwa juu sana na huteleza, hivyo kamba ivuke bodi kwa msalaba na irudiwe kukazwa baada ya kilomita chache, mzigo ukishajikalia.

Mbao ndizo zinazohitaji akili. Ubao wa futi 12 una urefu wa mita 3.66, na bodi ya kawaida haifiki mita 2. Ukiuegemeza kwenye ukuta wa mbele wa bodi, katikati ya ubao panaangukia kwenye ukingo wa nyuma wa bodi, nyuma kabisa ya ekseli. Kila ubao unaoongeza unalifanya gurudumu la mbele liwe jepesi. Ndiyo maana utaona guta lenye mbao likiinua pua kwenye mpando, dereva amening'inia kwenye usukani usio na kazi, na utingo amekalia tanki la mafuta. Utingo kukaa hapo si suluhisho, kwa sababu amekaa mahali pa kuzuia usukani na pa kutupwa kwanza.

Suluhisho ni kupunguza idadi ya mbao kwa safari, kuziinua upande wa mbele juu ya fremu ili ziende mbele zaidi bila kugusa usukani, na kuweka kitu kizito kama mifuko ya saruji kwenye sakafu ya mbele ya bodi. Kisha fanya jaribio moja kabla ya kuondoka: guta likiwa tambarare na breki ya mkono imevutwa, shika usukani ujaribu kuliinua gurudumu la mbele. Guta lililopakiwa sawasawa mtu mmoja haliwezi. Likiinuka, au hata likionyesha dalili ya kuinuka, mzigo urudi mbele. Kitambaa chekundu kwenye ncha za mbao hakikosi, na usiku iwe taa au kiakisi.

Kupanda na kushuka

Hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na injini ya kabureta hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Guta lililosifiwa kwa nguvu Dar es Salaam litalalamika kwenye vipando vya Isanga na Itiji, na si kwamba limechoka. Kama plagi inatoka nyeusi yenye masizi makavu na mafuta yanaisha haraka, mchanganyiko una petroli nyingi kuliko hewa, na fundi aiweke kabureta sawa kwa mwinuko huu badala ya kukuuzia pistoni.

Chagua gia kabla ya mpando. Kubadilisha katikati, nusu tani ikiwa nyuma, kunaua mwendo ndani ya sekunde moja. Ukilazimika kusimama na kuondoka tena, guta lina faida ambayo gari halina: mafuta yako mkononi, breki ya mguu iko mguuni, kwa hiyo havigombani. Shika breki kwa mguu wa kulia, weka namba moja, ongeza mafuta kwa mkono wa kulia, achia klachi mpaka sauti ya injini izame kidogo na bodi itikisike, ndipo uachie breki. Bila kuruka.

Likikushinda katikati ya mpando, usigeuze. Guta lililokaa kiubavu kwenye mteremko limeshaupeleka uzito wake ukingoni mwa pembetatu. Weka gia ya kurudi nyuma, nyoosha usukani, shuka kinyumenyume polepole injini ikikushika, utingo akikuongoza kutoka pembeni, kamwe si kutoka nyuma ya bodi. Na usikanyage breki kwa nguvu wakati linarudi nyuma, kwa sababu uzito unatupwa upande wa bondeni na gurudumu la mbele linaweza kuinuka.

Mteremko una kanuni moja ya zamani: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Kutoka Iringa mjini kushuka Ipogolo, au Iwambi kuelekea Mbalizi, kuna wanaopiga nyutro ili kuokoa petroli. Wanachookoa ni kidogo, wanachopoteza ni breki ya injini. Breki za drum zikishikiliwa muda mrefu hupata moto, drum hutanuka, shuu zinazoibana kwa ndani hukosa mshiko, na pedali inazama huku guta linaongeza kasi. Badala ya kuikalia breki, kanyaga kwa uthabiti mpaka mwendo ushuke, achia, acha drum zipumue, rudia. Ukinusa harufu ya kuungua, tafuta mahali pa kusimama wakati breki bado ipo. Usimwagie drum maji. Chuma cha moto kikipata maji baridi kinaweza kupasuka. Kwenye barabara kuu ya Tunduma ongeza jambo moja: roli likikupita, upepo wake husukuma ubavu wa bajaji kwanza nje kisha huivuta ndani. Shika usukani, usijibu kwa kuukata.

Njia tatu kwenye tope

Gari lina njia mbili za matairi, pikipiki ina moja. Guta lina tatu, na kwa hiyo huwezi kulipitisha shimo katikati: ukilikwepesha gurudumu la mbele, la nyuma linaingia, na ukiyakwepesha ya nyuma, la mbele linazama. Chagua lipi liingie. Kwa kawaida ni heri la nyuma, lenye springi na uzito, kuliko la mbele linaloshika usukani.

Kwenye barabara za udongo masika, magari huchimba makorongo mawili na kuacha tuta katikati. Magurudumu ya nyuma ya guta yatataka kukaa kwenye makorongo au kwenye kingo zake, na la mbele litapanda juu ya tuta lenye mawe na majani yanayoteleza. Likianza kuteleza kutoka kwenye tuta, kukata usukani zaidi hakusaidii, maana tairi limeshapoteza mshiko. Punguza mafuta, nyoosha usukani, ngoja lishike, ndipo uelekeze upya.

Difu ya guta hupeleka nguvu kwenye tairi lenye upinzani mdogo. Tairi moja likizunguka bure kwenye tope, jingine kwenye ardhi kavu halifanyi kazi. Kuongeza mafuta kunachimba shimo tu. Kama breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, ivute kidogo huku ukiongeza mafuta taratibu kwa namba mbili. Lile linalozunguka bure linapata upinzani na nguvu inahamia kwa mwenzake. Isipotosha, sogeza mzigo upande wa tairi linaloteleza, au weka matawi na changarawe chini yake.

Asubuhi ya baridi na mambo ya kukagua

Mwezi Juni na Julai, vuta choki, washa, subiri dakika mbili tatu bila kupiga resi, kisha rudisha choki. Oili ya baridi ni nzito na inachelewa kufika juu ya injini. Wengi hutumia 20W-50, na inafaa mradi uipe huo muda. Ukungu wa Isyonje na njia ya Tukuyu unadai taa ya nyuma inayowaka kweli, kwa kuwa guta lenye mzigo hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka na basi linalokuja nyuma halitarajii hivyo.

Ukaguzi wa asubuhi hauzidi dakika tano. Upepo wa matairi mawili ya nyuma uwe sawa; likipungua moja, usukani unavuta upande huo na guta linainamia huko hata kabla ya kona. Inua mbele kwa jeki, tikisa gurudumu mbele na nyuma: likigonga, beringi za usukani zimelegea. Kanyaga breki na uone guta linavuta upande gani. Likivuta kushoto, breki ya nyuma kulia haishiki au oili ya difu imepita sili ikalowesha shuu. Shuu zilizolowa oili hubadilishwa na sili pamoja, kuzifuta kwa petroli ni kujidanganya. Mwisho angalia nati za propela na majani ya springi, hasa jani kuu, ambalo likipasuka ekseli hukaa mshazari na tairi linalika upande mmoja.

Ukiegesha kwenye mteremko, zima injini ikiwa kwenye gia, namba moja kama pua imetazama juu, rivasi kama imetazama chini. Vuta breki ya mkono, geuza gurudumu la mbele kuelekea ukingo wa barabara, na weka jiwe nyuma ya kila tairi la nyuma, au mbele yake kama umetazama bondeni. Ukiondoka, mawe hayo yarudi pembeni. Bodaboda inayopita hapo usiku haitayaona.